Jina la Mmoja na Nyumba ya Wawili

Ndoa na deni ni ahadi mbili ambazo mtu huziweka akiwa hajui kesho italeta nini. Katika ya kwanza huahidi nafsi yake. Katika ya pili huahidi fedha ambazo bado hajazipata. Kwa muda mrefu ahadi hizi zilikaa mbalimbali katika fikra za watu: ya kwanza ilikuwa habari ya wazee na mashahidi, ya pili ilikuwa habari ya mdai na mdaiwa. Mkopo wa nyumba umezikutanisha. Mume na mke wanapokwenda benki kutaka fedha za kununua au kujenga nyumba, hukaa bega kwa bega mbele ya meza moja, na meza hiyo huwauliza swali ambalo pengine wao wenyewe hawajapata kuulizana: Je, ninyi ni mtu mmoja au watu wawili?

Swali hili ni jepesi maadamu majina yote mawili ni safi. Uzito hutokea pale jina la mmoja linapokuwa na doa. Nchini Tanzania, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 ziliweka utaratibu wa kukusanya habari za wakopaji, na wa kuzipa leseni taasisi za kutunza na kutoa habari hizo. Tangu hapo mkopo ulioshindikana hauishi katika kumbukumbu ya mdai mmoja tu. Benki ambayo mtu hajapata kukanyaga mlango wake yaweza kujua kwamba miaka kadhaa nyuma alikopa mahali pengine akachelewa kulipa, au hakulipa kabisa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Leo twaweza kuongeza kwamba matanga hayo yana daftari, na daftari hilo husomwa na watu wasiokuwapo msibani.

Natutazame kwanza daftari hilo lasema nini, na halisemi nini. Lasema kiasi cha mkopo, tarehe, na kama marejesho yalifika kwa wakati. Halisemi sababu. Mtu aliyekopa akatapanya fedha katika anasa, mtu aliyeugua akapoteza kazi, na mtu aliyemdhamini ndugu yake kisha ndugu akatoweka, wote watatu waweza kuonekana sawasawa katika mstari mmoja wa hesabu. Huyu wa tatu ndiye anayetufundisha zaidi, maana kwetu udhamini mara nyingi si biashara bali ni wajibu wa udugu. Asiyetia sahihi huitwa mchoyo. Aliyetia sahihi, mkopo ukiharibika, huitwa mdaiwa mbaya. Hivyo yawezekana kabisa kwamba jina liliharibika kwa sababu moyo ulikuwa mwema. Lakini yatupasa kusema na upande wa pili: benki haikukosa kwa kutojua sababu. Fedha inazokopesha ni amana ya watu wengine, na mwenye kutunza amana hana ruhusa ya kuigawa kwa huruma. Swali lake ni dogo na la haki: Je, fedha hizi zitarudi?

Ili jambo lisibaki katika maneno matupu, natuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mke hulipwa shilingi 1,500,000 kwa mwezi, na mume shilingi 1,200,000. Tuseme tena benki hukubali theluthi moja ya kipato iende katika rejesho, na riba ni asilimia 16 kwa mwaka kwa muda wa miaka 15. Wakihesabiwa pamoja waweza kutoa shilingi 900,000 kila mwezi, na mkopo wa shilingi milioni 60, ambao rejesho lake ni kama shilingi 881,000, umo ndani ya uwezo wao. Sasa tuseme mume ndiye yule aliyemdhamini ndugu yake. Benki ikikubali kuwakopesha wote wawili lakini ikapandisha riba hadi asilimia 18 kwa ajili ya jina lake, rejesho la mkopo ule ule hufika kama shilingi 966,000, nalo limekwisha kupita mpaka wa uwezo wao. Ikimkataa mume ikamhesabu mke peke yake, uwezo wake ni shilingi 500,000, na mkopo unaolingana nao kwa riba ile ya kwanza ni kama shilingi milioni 34. Nyumba iliyokusudiwa imepungua karibu nusu, au imegeuka kiwanja kisicho na paa.

Mbele ya wanandoa hawa, basi, ipo milango mitatu. Waweza kuomba pamoja, wakakataliwa au wakalipa zaidi. Waweza kumwacha mwenye jina safi aombe peke yake, wakaridhika na kidogo. Waweza kungoja, wakaendelea kupanga nyumba ya mtu mwingine mpaka deni la zamani lilipwe na jina lipone. Mshauri wa mambo ya fedha angeishia hapa akauliza ni mlango upi ulio rahisi kwa gharama. Lakini kila mlango una gharama nyingine isiyoandikwa katika fomu ya benki, nayo ndiyo inayohusu insha hii: ni badiliko linalowapata wawili hao mmoja wao anapokuwa mwenye jina, na mwingine asiye nalo.

Watu husema kwamba mume na mke ni mwili mmoja, na kwa hiyo aibu ya mmoja ni aibu ya wote wawili. Neno hili ni zuri sana kusikika arusini, lakini historia yatuonya tulichukue kwa hadhari. Katika sheria ya kale ya Uingereza mume na mke walihesabiwa kuwa mtu mmoja mbele ya sheria, na mtu huyo mmoja alikuwa mume. Mali ya mke iliingia mikononi mwa mume, wala mke hakuweza kufanya mkataba kwa jina lake mwenyewe. Ilihitaji sheria ya mwaka 1882 kumrudishia mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mbali na mumewe. Huko Marekani, hata katika karne ya 20, wakopeshaji waliweza kumtaka mwanamke alete sahihi ya mumewe, au kuupunguza mshahara wake katika hesabu kwa dhana kwamba atazaa na kuacha kazi. Mwaka 1974 sheria ikakataza mkopeshaji kumbagua mtu kwa jinsia yake au kwa sababu ameoa au ameolewa. Kwa hiyo kuhesabiwa kuwa watu wawili si baridi ya sheria peke yake. Kwa wengi, na zaidi kwa wanawake, ulikuwa ukombozi.

Lakini hata nchi hizo hazikupata jibu moja. Marekani kila mtu ana alama yake ya ukopaji, ambayo kwa kipimo kinachotumika zaidi huanzia 300 na kuishia 850, wala ndoa haiziunganishi alama za wawili. Hata hivyo wakiomba pamoja mkopo wa nyumba, katika mikopo mingi alama iliyo ndogo ndiyo hutumika kupanga riba. Na katika majimbo kama California na Texas, ambako mali na madeni ya wakati wa ndoa huhesabiwa kwa kawaida kuwa ya wote wawili, mikopo ya nyumba iliyowekewa bima na serikali kuu huyatia katika hesabu hata madeni ya mwenzi asiyekopa. Uingereza ya leo nayo husema kwamba ndoa peke yake haiunganishi kumbukumbu za wawili. Kinachoziunganisha ni akaunti ya pamoja au mkopo wa pamoja. Yaani si kiapo kinachowafanya kuwa mmoja machoni pa mkopeshaji, bali ni mfuko.

Kwetu nako jibu si geni. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameishi nayo kwa karne nyingi, mali ya mke hubaki yake baada ya kuolewa, na deni humfuata aliyelikopa. Hata akifa hulipwa katika mali yake kabla ya warithi kugawana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo yasema kwamba ndoa haibadili umiliki wa mali ya mume au ya mke. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka mpaka kwenye kizingiti cha nyumba: nyumba ya wanandoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ya idhini ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pia hutaka idhini hiyo katika rehani ya nyumba wanamoishi wanandoa. Mtunga sheria alijua jambo ambalo hesabu haiwezi kulijua, kwamba nyumba haifanani na mali nyingine. Gari likinyang'anywa, mtu huenda kwa miguu. Nyumba ikinyang'anywa, watoto hulala wapi?

Na hapa ndipo tunapokutana na jambo gumu kuliko yote. Turudi kwa mume na mke wetu waliochagua mlango wa pili. Mke amekopa kwa jina lake, na hati imeandikwa jina lake. Mume hakuhesabiwa kitu katika kupewa mkopo. Lakini nyumba ikiwa ndiyo makazi yao, ataitwa benki kutia sahihi ya idhini, akiri kwamba deni likishindikana nyumba yaweza kuuzwa. Jina lake halikutosha kukopa, lakini latosha kupoteza. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Sharti la idhini limewekwa ili kumlinda asitolewe nyumbani bila ya kujua. Hata hivyo mtu huyu atatoka benki akiwa amebeba hatari yote ya nyumba, na katika karatasi hana hata tofali moja.

Kisha miaka 15 huanza kupita. Mshahara wa mke hukatwa kila mwezi kulipa benki. Mshahara wa mume hununua unga, hulipa ada, umeme na dawa. Bila ya fedha hizi za mume, zile za mke zisingebaki za kupeleka benki. Kila shilingi iliyolipa deni ilisimama juu ya bega la shilingi nyingine iliyolisha nyumba. Lakini shilingi ya benki huacha risiti yenye namba, na shilingi ya unga huliwa ikaisha. Baada ya miaka 15 mmoja ana ushahidi na mwingine ana kumbukumbu. Sheria ya mwaka 1971 huanza na dhana kwamba mali iliyo katika jina la mmoja ni yake mpaka ithibitishwe vingine, na kwamba iliyo katika majina ya wawili ni yao kwa sehemu sawa. Ni kweli kwamba mahakama zimejifunza kuona zaidi ya hati. Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Bw. Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Shauri lile lilimhusu mwanamke aliyefanya kazi za nyumba, lakini hoja yake ni pana: mchango usio na risiti ni mchango. Mwanamume aliyelisha nyumba wakati mkewe akilipa deni aweza kujifunza kutoka kwa Bi. Hawa. Lakini mahakama huulizwa maswali haya ndoa inapokuwa imekwisha kuvunjika. Sisi tunauliza kuhusu ndoa iliyo hai.

Katika ndoa iliyo hai hatari haianzi kwa hila. Huanza kwa neno dogo. Siku ya ugomvi mwenye jina husema, "Nyumba hii ni yangu," naye asiye na jina hunyamaza, maana neno hilo ni kweli kwa hati, ni uongo kwa maisha. Tangu siku hiyo benki imeingia chumbani. Tofauti iliyowekwa na mkopeshaji kwa ajili ya kulinda fedha za watu imegeuka kuwa tofauti ya hadhi baina ya watu wawili waliokula kiapo. Nasema kwamba huku ndiko kukosea kwenyewe. Benki ina haki ya kuwatenga mume na mke katika hesabu yake, kwa sababu haikufunga ndoa nao. Wao hawana haki ya kuipokea hesabu hiyo na kuifanya kipimo cha thamani ya kila mmoja nyumbani. Benki humpima mtu kwa aliyoyatenda jana, kwa kuwa haina kingine cha kupimia. Ndoa humpima kwa atakayoyatenda kesho, na kumsaidia ayatende.

Msomaji aweza kuuliza, je, huku si kumbembeleza mdaiwa? Mwenye jina safi amejinyima, amelipa kwa wakati, amelala njaa pengine ili asichelewe. Kwa nini alipie uzembe wa mwingine? Hoja hii ina nguvu wala haifai kupuuzwa. Jawabu lake ni kwamba wajibu wa kwanza ni wa mwenye doa. Wajibu huo ni kusema, tena kusema mapema. Anayengoja mpaka karani wa benki amfunulie mkewe habari za deni la zamani amefanya makosa mawili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Deni lilikuwa baina yake na mdai. Ukimya ulikuwa baina yake na mkewe. Mwenzi aweza kuishi na hasara aliyoijua, lakini ni vigumu kuishi na mtu ambaye habari zake huzipata dirishani kwa mgeni. Tena ampasa kulipa, maana dawa ya deni ni kulipa, wala mapenzi ya mke si badala ya dawa hiyo. Na kama daftari limekosea, anayo haki ya kuomba habari zake na kudai zisahihishwe. Uvivu wa kufanya hivyo ni deni jingine, safari hii kwa familia yake.

Wajibu wa mwenye jina safi huja baada ya huo, nao si mwepesi. Usafi wa jina lake una sehemu ya juhudi na sehemu ya bahati. Huenda hakupata kuugua, au hakuwa na ndugu wa kumdhamini. Aliye na bahati akaiita yote kuwa ni fadhila yake amejikopesha sifa isiyo yake. Yampasa basi kutenganisha kosa na mkasa, na hata penye kosa kuweka mwisho wa adhabu. Daftari za wakopaji zenyewe zina muda: Marekani, kwa mfano, habari nyingi mbaya huondolewa baada ya miaka 7. Ingekuwa ajabu kama mashine ya kuhesabu ingejifunza kusahau, na mke au mume akashindwa.

Wapo pia wanaodhani kwamba mlango wa pili wenyewe ni udanganyifu: mwenye doa amejificha nyuma ya mwenye jina ili benki isimwone. Sidhani hivyo. Benki ikijua kwamba mwombaji ana mwenzi, ikapewa idhini ya mwenzi huyo, na ikakopesha kwa kipato cha mwombaji peke yake, haikudanganywa, imepata ilichotaka. Udanganyifu ni kuficha ndoa, au kuongeza kipato kwa karatasi za uongo, au kumfanya mtu atie sahihi karatasi asiyoielewa. Mpaka uko pale ambapo mmojawapo, benki, mume au mke, angejuta kama angeyajua yote.

Linabaki jambo la kuandika. Wengi huona haya mume na mke kuandikiana, wakisema kalamu ni dalili ya shaka. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na Kurani, katika aya yake ndefu kuliko zote, inaamuru deni la muda liandikwe na kushuhudiwa. Amri hiyo wameelekezewa waumini wanaokopeshana wao kwa wao. Kuandika, basi, si kukosa imani. Ni kuitunza imani dhidi ya usahaulifu na kifo. Wanandoa wetu waweza kuandika kwamba nyumba hii, ijapokuwa mkopo ni wa mmoja, imejengwa kwa mishahara miwili, na kila mmoja ana sehemu yake. Pale benki inapokubali, hati yaweza kubeba majina mawili ingawa mkopo una jina moja. Isipokubali, mapatano yao na mashahidi wao yatasema lile ambalo hati imelinyamazia. Na anayefaa kuileta kalamu hiyo ni mwenye jina. Asiye na jina akiidai huonekana mwenye tamaa. Mwenye jina akiileta kwa hiari ametenda haki kabla haijadaiwa, na haki ya namna hiyo ndiyo inayoweza kuitwa mapenzi.

Je, mume na mke ni mmoja au wawili? Mbele ya benki ni wawili, na ni vema wawe wawili, ili asiwepo anayemezwa na mwenzake. Mbele ya deni la zamani ni wawili pia, maana aliyetia sahihi ndiye aliyeahidi. Lakini katika kulipia paa la watoto wao, unga wa mmoja na rejesho la mwingine ni kazi moja, na hati isiyosema hivyo ina upungufu ambao wao wawili, wakiwa bado wanapendana na wino ungali upo, wana uwezo wa kuujaza.